Simu Iliyosema "Ongea Sasa"

"Zima simu, uiwashe tena."

"Nimezima, nimewasha. Bado."

"Umefuta data za zamani zilizojaa kwenye hiyo kibodi?"

"Nimefuta, shoga yangu. Nikigusa pa kuandikia, herufi hazitokei. Inakuja picha ya maiki na maneno: Ongea sasa."

Wote wawili walijua mwenye simu hiyo hawezi kuongea.

Mshonaji alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, simu yake kaibana kwa bega, ya mumewe iko mkononi. Mumewe, dereva wa lori, alilala chali na mrija kooni. Ajali ilimwachia uhai na kidole kimoja tu kinachomtii, cha mkono wa kushoto. Kalamu haikushikika. Kwa kidole hicho aliandika: maji, nigeuze, funga dirisha. Wiki iliyopita aliandika, "Kuna jambo nataka kukwambia." Kabla hajaendelea, mama yake akaingia na bakuli la supu.

Kesho yake mshonaji aliporudi kutoka kazini, kibodi ilikuwa imekufa.

"Kibodi za simu hizi ni mbovu toka kiwandani," mama mkwe alitoa hukumu. "Zinakufa zenyewe. Mwache apumzike."

Nani angembishia? Mama huyo aliuza simu kibandani mpaka magoti yakamkatalia.

"Sikiliza," shoga akasema. "Ingia kwenye mipangilio. Tafuta palipoandikwa lugha na kibodi. Imechaguliwa nini?"

"Kuandika kwa sauti. Kibodi yenyewe imezimwa."

"Basi haina ugonjwa wowote. Kuna mtu kaizima."

"Labda mwenyewe kaigusa bila kujua."

"Kwa kidole kimoja? Apite kurasa zote hizo, azime, athibitishe? Hebu niambie, mchana anashinda na nani?"

Mshonaji aligeuka kuutazama mlango. Alikata simu, akairudisha kibodi. Herufi zikajitokeza zote. Dereva alipoziona, machozi yakamtiririka hadi masikioni.

Mlango ukafunguliwa.

"Wewe naye! Unamchosha mwanangu."

"Mama, kwa nini uliizima?"

"Nimezima nini?"

"Umeuza simu maisha yako yote, leo hujui ninachosema?"

Mama mkwe akaegemea ukuta.

"Ubongo wake umetikisika, mwanangu. Ataandika upuuzi, na wewe utauamini."

"Basi niusome huo upuuzi."

"Usimpe! Nakuomba, mkwe wangu. Kwa magoti yangu haya, nani atamgeuza? Nani atamsafisha huo mrija?"

Mshonaji akaiweka simu chini ya kidole cha mumewe. Kidole kikaanza kazi, polepole, kikikosea, kikifuta.

"Siku ile haikuwa safari ya kazi. Nilikuwa nakuacha. Mama anajua."

Mshonaji akaligeukia kabati. Nguo zilizotolewa kwenye lori alizifua yeye. Alizisugua damu, akazipiga pasi, akazirudisha kabatini. Alikuta mpaka suti ya harusi. Alipouliza, mama mkwe alimwambia bosi alikuwa na sherehe huko safari ilikoelekea.

"Ulikuwa unakwenda kwa nani?"

"Karani wa ghala tunakopakia."

"Amekuja kukuona?"

"Hapana."

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Nimechoka kuoshwa na mtu niliyemdanganya."

Maneno hayo yalimwingia. Kwa mara ya kwanza tangu ajali, alimshika mkono si kwa kumhudumia.

"Nijibu swali moja, baba watoto. Yule angekuja kukuchukua leo hii, ungebaki na mimi?"

Kidole kikasimama hewani. Herufi zote zilikuwepo, nzima, zinamsubiri. Hakugusa hata moja.

Mshonaji akainuka. Alimsafisha mrija, akamgeuza upande, akamwekea mto mgongoni kama kila siku. Kisha akachukua mkoba wake.

"Watoto watatoka shule kwenda kwa dada yangu. Nesi wa zahanati nitampigia, atapita jioni."

"Mkwe wangu, nilikuwa nalinda ndoa yenu!"

"Hapana, mama. Ulikuwa unalinda zamu zangu."

"Sasa mimi nitamwelewaje akitaka kitu?"

"Kibodi ni nzima. Atakuandikia."

Alikuwa amefika getini simu yake ilipolia. Ujumbe kutoka kwa mumewe.

"Usiende."

Akasimama, mkono kwenye komeo. Moyo ulimdunda kama wa msichana. Ujumbe wa pili ukaingia.

"Mama hawezi kunigeuza."

Akasubiri wa tatu. Alisubiri mpaka kioo cha simu kikazima chenyewe mkononi mwake. Hapo akavuta komeo, akatoka.