Amri Isiyouliza

Wenye moyo wa kuku waishie hapa. Mimi nikianza kusimulia habari za majini, hata jini mwenyewe huvuta kiti asikilize.

Fundi mmoja wa kompyuta aliitwa Bingwa, jina alilojipa mwenyewe. Mdomo wake haukuwa na kufuli. Hata usingizini aliongea. Mkewe alikaa naye dukani, akipokea wateja na kumshusha mumewe kila alipopaa.

Mchana mmoja mjane akaleta diski ya marehemu mumewe. "Nakilini picha tu, kisha hiyo diski muivunje." Akaondoka bila kugeuka.

Picha zilitoka salama. Diski ndiyo ilikataa kutoka. Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yake, ilisema bado inatumika, ilhali Bingwa alikuwa amefunga kila kitu. Harufu ya nywele zilizoungua ikatanda dukani.

"Kuna kitu kimeishikilia," mkewe alinong'ona.

"Ndiyo kazi ya amri ya fuser, mke wangu! Mafundi wa mtaa huu hawaijui. Inamtaja aliyeishikilia diski. Ukiiongezea -k, inamuua."

Orodha ikatokea. Aliyeishikilia hakuwa na jina, namba tupu.

"Basi weka na -i, ikuulize kwanza. Baba watoto, nakuomba."

"Kuulizwa ni kwa wanafunzi!" Akaandika -k peke yake, akabonyeza Enter.

Ilikuwa kama kuchokoa mzinga wa nyuki kwa kidole. Moshi wenye makucha ukaruka nje ya diski, ukamdaka mke kwa nywele, ukampigiza uso kwenye kaunta hadi meno yakatawanyika kati ya nyaya, kisha ukakikandamiza kiganja chake juu ya diski iliyowaka kama kaa, ngozi ikagandana na chuma.

"Rudia, Bingwa," spika ikakoroma. "Ua tena bila kuuliza."

Bingwa akatazama orodha. Walioishikilia diski sasa walikuwa wawili: namba tupu, na mkewe.

Akaiandika amri upya, safari hii na -i, huku jini akimvunja vidole kimoja baada ya kingine kama anayevunja kuni, na kompyuta ikamuuliza kuhusu mkewe kwanza: "Niue?", naye alipotaka kubonyeza N ya kukataa, jini akaing'oa herufi hiyo kwenye kibodi akaitafuna mbele yake, mkewe akipiga kelele, "Usinijibie ndiyo, mume wangu, usinijibie!", mpaka Bingwa akakumbuka kwamba kwa fuser kunyamaza ni kukataa, akabonyeza Enter tupu kwa kidevu.

"Niue?" ikauliza kuhusu ile namba.

Akabonyeza Y ya kukubali kwa pua.

Jini akapasuka. Damu nyeusi ikapaka dari. Diski ikadondoka sakafuni, na ngozi ya kiganja juu yake.

Hapo msimuliaji mwingine angekuambia wakaishi raha mustarehe. Mimi sidanganyi kwa bei rahisi hivyo.

Usiku ule, mkewe akiwa amelala fofofo, mkono wenye bandeji ulimkaba Bingwa kifundo cha mkono, na kinywa kisicho na meno kikauliza kwa sauti ya spika:

"Niue?"

Bingwa akanyamaza. Kila usiku huulizwa, kila usiku hunyamaza. Na kwa kuwa huongea usingizini, hulala amejifunga kitambaa mdomoni, asije akaota anasema ndiyo.

Juzi aliamka akakikuta kitambaa kimefunguliwa, kimekunjwa vizuri, kimewekwa juu ya mto.