Nyekundu ya Losaline

Siku upepo wa mvua ulipofunga daraja la bandari ya Auckland, kituo cha mabasi kilifurika watu hata pa kuweka mguu hapakuwepo. Losaline alitumwa pale na ofisi yake, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa juu ya gauni jeusi, na kiunoni kafunga kiekie, mkanda wa kusukwa wa kwao Tonga.

"Jamani rudini nyumbani, daraja halifunguliwi!"

Dereva mmoja mpana wa mabega akachungulia dirishani. "Dada, huu upepo umeuleta wewe na hicho kiekie?"

"Na mdomo huo umeutoa wapi?"

"Kwa mama yangu, kule Mangere. Naitwa Semisi. Panda, unalowa."

Akapanda. Wakanywa chai ya chupa yake mpaka upepo ukatulia, na ulipotulia wote wawili wakasikitika.

Losaline alifanya kazi katika chumba cha skrini. Zamani watu wa barabara kuu walikuwa na jengo lao na watu wa mabasi lao, na foleni ikiganda kila upande unalaumu wenzake. Sasa walikaa meza moja: Matiu anaangalia magari, Losaline anaangalia mabasi. Pale barabara ya mtaani inapoingia barabara kuu, mabasi yana taa yao. Basi likichelewa, Losaline hulipatia taa ya kijani likatangulia magari. Kama limewahi, lisubiri zamu.

La Semisi halikusubiri kamwe. Liwahi, lichelewe, kijani tu. Naye akifika pale huitazama kamera na kugusa paji la uso kwa vidole viwili. Jioni ndiyo simu: "Leo umenipa kijani kitamu, laazizi."

"Kula taratibu, usije ukakinai."

Halafu akatokea Vaine. Losaline hakulijua hata jina lake. Aliona kwenye skrini taji la maua kichwani, gauni la njano limembana vizuri, na mwenyewe kasimama ubavuni mwa dereva ilhali viti viko wazi. Leo yupo, kesho yupo. Siku moja Semisi akasahau hata kuligusa lile paji lake.

Joto likampanda Losaline kutoka nyayoni. Basi lilikuwa limewahi, na sheria ni sheria. Akaliacha kwenye nyekundu.

Yule mwanamke akainama, akaanza kusimulia kitu kirefu. Semisi akacheka mpaka mabega yakatikisika. Kesho yake nyekundu tena, ndefu zaidi. Maua, ndivyo Losaline alivyomwita moyoni, akafungua mfuko wa karatasi, akamega pai ya nyama, akamtia Semisi mdomoni!

Jioni simu ikalia. "Mpenzi, mbona siku hizi nalala kwenye taa?"

"Una haraka gani? Si unalishwa?"

"Nalishwa na nani?"

"Muulize Maua!" Akakata, kisha akalia mpaka kope zikavimba.

Asubuhi akaja kazini na macho mekundu, akatoa nyekundu ya kufanana nayo. Matiu akasogeza kiti. "Dada, hili basi limekukosea nini?"

"Limewahi."

"Liliwahi. Sasa limechelewa, na wenzake wamejipanga nyuma, na foleni inarudi mtaani. Mkubwa akiniuliza sababu niandike nini? Wivu?"

Losaline akabonyeza kijani kama anayemfinya mtu.

Mchana akaitwa mlangoni. Semisi kasimama na sare yake, kofia mkononi. Losaline akaanza yeye.

"Umekuja kuniaga?"

"Nimekuja kuuliza. Huyu Vaine mwenye maua ni ndugu yako?"

"Ndugu yangu! Kwa lipi?"

"Maana unamsaidia sana. Anapandia kituo cha kabla ya taa, anashukia cha baada yake. Ulipokuwa unanipa kijani, salamu haijaisha kashashuka. Nyekundu yako ya kwanza akanieleza kisiwa chao cha Rarotonga chote. Ya pili, pai. Leo kaniuliza kama nina mtu."

Losaline akashika mlango. Kumbe nafasi ya yule mwanamke alikuwa anaitoa yeye mwenyewe, kwa nyekundu zake. "Ukamjibuje?"

"Nikasema ninaye, ila hanipi njia."

"Na pai ukaila."

"Nimeila. Tamu, sikudanganyi."

Losaline akamfinya mkono kwa nguvu, na machozi yakamtoka pamoja na kicheko.

"Losa," Semisi akasema, sauti imeshuka, "nipe kijani."

"Basi lenyewe liko wapi?"

"Si la basi. Mama ameshakunja mikeka ya zawadi, Jumapili anataka kuja kwenu kukuposa. Aje, au asubiri?"

"Utajua kesho, kwenye taa."

Kesho ikafika. Basi likatokea juu ya mlima, limewahi kabisa. Semisi kashika usukani kwa mikono yote miwili, haitazami kulia wala kushoto. Ubavuni Vaine, na maua mapya, vidole vimeshafika kwenye mdomo wa mfuko.

Losaline hakumpa hata nafasi ya kuufungua. Kijani! Semisi akaligusa paji lake, kisha akapiga honi kutoka pale mpaka barabara kuu, abiria wakashangaa.

"Dada," Matiu akasema, "hilo liliwahi. Sababu niandike nini?"

Losaline akakitengeneza kiekie chake kiunoni.

"Andika wivu."