Kichupa cha Mwalimu

Mwalimu mstaafu alikutwa amekufa kitandani wodini saa moja asubuhi, goti lake la bandia limevimba na kuiva. Daktari aliyeuchunguza mwili hakuzunguka: kiungo kilijaa usaha, maambukizi yakaingia kwenye damu. Lakini faili lilikuwa na ripoti ya maabara iliyosema goti ni safi. Kwa ripoti hiyo, marehemu alisimamishiwa dawa.

"Sampuli tano, zimeoteshwa siku kumi na nne, hakuna bakteria," Inspekta alisoma. "Sahihi hii ni yako, dada?"

"Yangu, afande," alijibu mtaalamu wa maabara.

Chumba cha maabara hakikuwa na dirisha. Kabati la joto la kuoteshea sampuli lilinguruma pembeni. Inspekta alilegeza kola. Hewa ilikuwa nzito.

"Sahani za kuoteshea ziko wapi?"

"Zilichomwa. Ndio utaratibu."

"Na bakteria wakiota?"

"Tunagandisha wachache, kwa kumbukumbu."

"Fungua friza."

Dada hakusogea. Inspekta alifungua mwenyewe, akapekua visanduku hadi vidole vikafa ganzi. Kwenye safu ya chini kabisa palikuwa na kichupa chenye namba ya mwalimu.

"Kama hakikuota kitu, uligandisha nini?"

Dada alitupia jicho mlangoni. Nje alisimama askari. Dada akaketi sakafuni.

"Waliota siku ya nne. Sampuli nne kati ya tano, bakteria walewale. Ingekuwa moja, ningesema ni uchafu wa mikono. Nne, hapana."

"Kwa nini ukadanganya?"

"Aliyempasua ni kaka yangu. Wazazi walipofariki, yeye ndiye alinilea. Tayari wagonjwa wawili walishaambukizwa kwenye chumba chake cha upasuaji. Wa tatu angemfukuzisha kazi. Akaniambia, 'Mdogo wangu, nifichie huyu mmoja tu.' Nikisema, namzika kaka. Nikinyamaza, namzika mwalimu. Nikanyamaza."

"Na kichupa?"

"Kila nikitaka kukitupa, mkono unagoma."

Inspekta alichomoa pingu, kisha akasita. "Ni mmoja tu kweli?"

Dada alifunika uso. "Bibi wa kitanda cha sita. Ripoti yake ya uongo nilisaini jana. Yu hai, afande. Leo wanamruhusu kwenda nyumbani."

Inspekta alimtuma askari chumba cha upasuaji akamchukue kaka mtu. Yeye akapiga simu wodini. "Bibi wa kitanda cha sita asiondoke. Ana maambukizi."

"Bakteria gani?" nesi aliuliza.

Inspekta alichuchumaa, akamshikisha dada simu.

"Waambie."

Dada aliiweka simu sikioni. Akalitaja jina la bakteria.