Ujumbe Ambao Sikuufikisha

Kila asubuhi kabla ya shule, mimi na mdogo wangu Sylvain tulitwanga ndizi za lituma, yale matonge ya ndizi zilizochemshwa ambayo Mama aliuza sokoni Mangobo. Kinu kilikuwa kimoja na michi miwili: wangu ukipanda, wake unashuka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, yeye kumi na mmoja, na akichelewesha mchi nilimkemea.

Mwaka ule wa 1970 mafua makali yalipita mtaani kwetu. Sylvain alilala wiki nzima. Homa ilipoisha, Mama alinituma nimpeleke hospitali akapimwe. Muuguzi Lambert, mwenye beji ya chama tawala kifuani, alisikiliza moyo wake kwa muda mrefu, kisha akaniita pembeni.

"Moyo yake iko mbio sana," alisema. "Ambia mama amulete kesho kwa docta. Asitwange, asikimbie, asibebe maji. Umesikia, Agathe?"

"Ndiyo, tonton," nikajibu, yaani mjomba, kama tulivyowaita wanaume wakubwa.

Nilisikia vizuri mno. Njia nzima niliwaza kinu tu: nitatwanga peke yangu mpaka lini? Mama alipouliza, nikajibu, "Amesema amepona."

Kesho yake Sylvain alishika mchi. Alitwanga kidogo, akasimama akihema, akatwanga tena. Siku ya tatu miguu yake ilikuwa imevimba.

"Acha kujifanya mgonjwa!" nikamwambia.

Alijitahidi mara mbili, mchi ukamponyoka, akaanguka kando ya kinu.

Hospitalini daktari alimuuliza Mama kwa ukali kwa nini mtoto huyu alifanya kazi nzito.

"Muuguzi wenu alisema amepona!"

Muuguzi Lambert akaitwa. "Docta, nilituma ujumbe na dada yake," alijitetea.

Mama alinishika bega mbele ya watu wote. "Huyu mutoto wangu hasemi uongo," alisema.

Nilitamani ardhi inimeze. Muuguzi alikuwa ameinamisha kichwa, naye hakuwa na kosa.

"Nimesema uongo, Mama," nikasema. "Tonton Lambert aliniambia yote. Sikutaka kutwanga peke yangu."

Mkono wa Mama ukaondoka begani mwangu. Daktari alitueleza kwamba vijidudu vya mafua wakati mwingine hushambulia msuli wa moyo hata baada ya homa kuisha. Mtoto huhema, huchoka, miguu huvimba, na kazi nzito inaweza kumuua. Dawa pekee haitoshi bila kupumzika.

Sylvain alilazwa wiki tano. Uvimbe ukapungua, moyo ukatulia. Siku aliyorudi nyumbani, aliniita kitandani kwake.

"Yaya, dada yangu, unisamehe," alisema. "Nimekuachia kazi yote."

Aibu ya hospitali ilikuwa ndogo kuliko niliyoona sasa. Nilimweleza kila kitu huku nikilia. Akasogea kitandani, akanipa nafasi nikae.

Mama alikuwa mlangoni, amesikia yote.

"Agathe, kuchoka si kosa," alisema. "Ungeniambia kazi ni nzito, ningepika lituma kidogo, basi, tungekula kidogo. Lakini ukipewa neno la mgonjwa, lile neno ni lake, si lako. Umpelekee anayengojea, hata kama wewe utaumia."

Nilishindwa kumtazama usoni. Sylvain ndiye aliyejibu, "Amesikia, Mama."