Doa kwenye Aproni

Kufuli lilikuwa limevunjwa, na chupa ya rangi haikuwemo kabatini. Mwokaji keki, mzee wa mikono mikubwa, alisimama pale kama mfiwa.

"Manjano nimemenya mwenyewe, nimetwanga, nimechuja! Na keki ya harusi ni kesho!"

Konstebo alitaka kucheka. Inspekta, mwanamke ambaye kituoni walimwita Mama Swali, akamkanyaga mguu.

"Rangi ya keki unaifungia kufuli, mzee?"

"Watu si wema," alinung'unika.

"Ufunguo wa duka anao nani?"

"Mimi na binti yangu. Basi."

Konstebo akatoka kukagua uani. "Afande! Damu!"

Aproni ya binti ilikuwa kwenye kamba, bado mbichi, ina doa jekundu kifuani.

"Mwanangu kaumia?" Mzee alishika ukuta.

Binti akatokea jikoni, mzima wa afya.

"Umejikata?" Inspekta aliuliza.

"Hapana."

"Damu ya nani?"

Binti akaitazama aproni.

Inspekta aliomba ndimu, akaikamua juu ya doa. Wekundu ukatoweka, pakabaki rangi ya manjano. Konstebo akaachama.

"Manjano yakikutana na sabuni ya kufulia huwa mekundu, ndimu huyarudisha. Mama alinichapa sana kwa mashuka yake," Inspekta alisema. "Ilikumwagikia ukiificha. Iko wapi?"

"Nyuma ya magunia ya unga."

"Kwa nini?"

Binti akamgeukia baba yake, machozi yakimlenga. "Baba, macho yako hayaoni rangi tena. Unatia, unaona bado, unaongeza. Keki za juzi zilitoka na rangi ya kutu, chungu kama dawa. Nikazitupa, nikaoka nyingine. Kesho ukumbi mzima ungekucheka! Afadhali waseme umeibiwa kuliko waseme umekwisha. Nakupenda, baba. Ningefanyaje?"

Mzee akakaa juu ya gunia.

"Kufuli lile," alisema hatimaye, "nililiweka usinione ninavyokosea."

"Ama kweli mmekutana!" Inspekta alisema, akamvuta konstebo mlangoni.

"Afande, na mtuhumiwa?"

"Ana keki ya kuoka. Twende."

Nyuma yao, mzee aliinamisha chupa juu ya bakuli, macho yake usoni kwa binti.

"Bado?"

"Bado, baba."

"Bado?"

"Kidogo tu... hapo hapo, baba."

Akaacha kumimina.