Koleo Lisilooshwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alimsaidia baba yake kukata majani makavu ya migomba. Aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Asubuhi ile alikuwa kimya. Migomba yao ilikuwa inanyauka, na baba alikuwa ananoa panga.

"Maabara walipiga simu jana kuhusu ule udongo," baba alisema. "Kuvu linalonyausha migomba lipo kwetu na kwa jirani. Kumbe ndiye anayetuletea kwa viatu vyake. Leo atanitambua."

Alivuka mpaka wa shamba la jirani. Mgomba wa kwanza ukaanguka, wa pili ukafuata. Jirani alitoka mbio na mpini wa jembe, akampiga baba begani. Baba akamchapa kichwani kwa ubapa wa panga. Ngozi ikapasuka, damu ikamfunika jicho, akaanguka. Baba aliinua panga tena, safari hii kwa makali.

Chiriku alijitupa juu ya jirani.

"Baba, usimuue. Mimi ndiye niliyeharibu. Sikuliosha koleo."

"Koleo gani?"

"Mtaalamu wa maabara aliponituma nichukue udongo wa mashamba yote mawili, aliniambia nilioshe kwa sabuni nikitoka kwetu. Niliona nitachelewa kucheza. Nikachimba shambani kwa mjomba huyu kwa koleo lilelile, likiwa bado na udongo wetu. Majibu yalipokuja nikaogopa kusema."

Panga lilimtoka baba mkononi. Akavua shati, akamfunga jirani jeraha, wakamkimbiza hospitali.

Mtaalamu wa maabara alikuja mwenyewe kuchimba upya, kwa koleo safi. "Mashine yetu inasaka vinasaba vya kuvu," alieleza. "Chembe ya udongo tu inatosha kuidanganya."

Safari hii udongo wa jirani na migomba yake vilikutwa salama. Baba aling'oa migomba yake yote akaichoma, kisha akawa kibarua wa bure katika shamba alilolifyeka.

"Nisamehe, mjomba," Chiriku alimwambia jirani, machozi yakimtoka.

Jirani aligusa nyuzi zilizoshona kichwa chake. "Nimekusamehe, mwanangu. Lakini sikiliza. Kosa la koleo lingeondoka kwa ndoo moja ya maji. Ulinyamaza, baba yako akakasirika, likaja kuoshwa kwa damu yangu. Siku nyingine ukikosea, sema mapema, hata kama utachapwa."

Baba, jembe mkononi, aliinamisha kichwa. "Kosa hilo ni letu sote wawili, mimi na mwanangu," alisema.