Mapigo ya Saa Kumi

Kila siku saa kumi alasiri, Klaudia alikuwa na kazi moja. Alifungua kompyuta juu ya stuli, akachukua kipimo cha oksijeni, akakibana kwenye kidole cha mumewe. Kipimo kilikuwa kidogo kama kibanio cha nguo. Punde namba mbili zilitokea kwenye kompyuta. Moja ilikuwa ya oksijeni, nyingine ya mapigo ya moyo.

Mumewe, Protase, alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi huko Muleba. Mapafu yalipomchoka, walipanga chumba Kashai, mjini Bukoba, ili wawe karibu na matibabu. Zahanati moja iliwaingiza katika jaribio lake. Vifaa vililetwa na mhudumu wa afya aitwaye Nuriat.

"Hiki ni kivinjari, programu ya kufungulia kurasa za mtandao," Nuriat aliwaeleza. "Zamani ukurasa haukuweza kuongea na kifaa kilicho mezani. Sasa kuna huduma mpya, bado inajaribiwa. Ukurasa unaomba ruhusa, wewe unachagua kifaa kwenye orodha. Ukishakichagua, ukurasa unakikumbuka. Namba zinanifikia zahanati bila nyinyi kusafiri."

"Na huo ukurasa ukikosea?" aliuliza Protase.

"Ndiyo maana tunayaita majaribio, baba. Mkiona jambo msilolielewa, nipigieni."

Katika mwezi wa tatu wa jaribio Protase alifariki. Walimzika Muleba, katikati ya migomba yake. Baada ya mazishi Klaudia alirudi Kashai peke yake. Alitoa betri kwenye kipimo, akakiweka ndani ya kopo. Hakukirudisha zahanati. Kwao vitu vya marehemu haviguswi kabla ya kuondoa matanga, na siku hiyo ilikuwa bado. Nuriat naye alisikia habari za msiba, akaona haya kumsumbua mfiwa. Aliuacha ukurasa wa Protase ukiwa wazi.

Mazoea yana tabu. Siku ya kwanza, ilipofika saa kumi, Klaudia alijikuta amefungua kompyuta. Ukurasa haukukipata kipimo, ukamtaka achague kifaa. Kwenye orodha aliona jina la kipimo alilolizoea, "Pumzi". Akaligusa.

Namba zikatokea. Oksijeni 92. Mapigo 71.

Klaudia alilitazama kopo. Lilikuwa limefunikwa. Alilifunua taratibu. Kipimo kilikuwa humo, kimezimika, betri iko pembeni. Lakini kwenye kompyuta moyo wa mtu ulikuwa unapiga.

Kesho yake namba zilikuja zenyewe, hata hakuchagua kitu. Kisha akasikia kikohozi. Kilikuwa chepesi na kikavu, na hakikuwa mbali. Chumbani hakukuwa na mtu. Alimpigia simu Edvina, dada yake Protase, aliyebaki Muleba.

"Wifi, kuna mtu anapumua humu ndani," alisema kwa sauti ya chini.

Edvina alimtuliza. "Usimwogope, waitu, mpenzi wetu. Ni wako huyo. Mwekee kahawa ya kutafuna, mgeni hakaribishwi mikono mitupu. Halafu mpe habari za nyumbani."

Klaudia aliweka buni chache kwenye kisahani kando ya kompyuta. "Karibu, Baba Kokubanza," alisema, akazisoma namba kwa sauti. Alimweleza kwamba binti yao Kokubanza amerudi salama kwa mumewe. Alimweleza kuhusu migomba iliyoangushwa na upepo. Namba hazikuondoka. Zilikaa zikimsikiliza mpaka alipomaliza.

Tusimcheke. Mfiwa akipewa pumzi ya mtu wake haulizi imetoka wapi. Hofu ilimtoka Klaudia siku ya nne, akabaki na furaha ya kuogofya. Asubuhi alipika, alasiri alizungumza na moyo. Hakwenda kwa mtu, wala hakumpigia Nuriat.

Siku ya tisa namba zilianza kushuka. Tisini. Themanini na nane. Klaudia alisahau kuongea. Hivyo hivyo ndivyo zilivyoshuka siku ya mwisho ya Protase.

Hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa Nuriat.

"Pole na msiba, mama. Samahani, nimekuja bila taarifa. Siku tisa sasa jina la marehemu linaniletea namba. Nimekuja nikisoma aya njia nzima. Kipimo chake kiko wapi?"

"Kwenye kopo. Hakina betri."

Wote wawili waliitazama kompyuta. Themanini na sita.

"Anakufa tena, mwanangu," alisema Klaudia. "Mara ya kwanza nilishindwa. Nisaidie nisishindwe tena."

Nuriat alikichukua kipimo na kukigeuza. "Kila kipimo kina namba yake nyuma. Hiki ni 0417." Alifungua maelezo ya kifaa kwenye ukurasa. Pale paliandikwa 0422. Akaisoma mara mbili.

"Mama, hiki ni kipimo cha Mzee Hussein. Nilimpa pale zahanati wiki mbili zilizopita. Alinipigia akalalamika kwamba hakileti namba kwenye simu yake. Alisema amepanga nyumba ya Rweyemamu, mlango wa nyuma."

"Nyumba ya Rweyemamu ni hii."

Kikohozi kilisikika tena. Kilitoka ukutani.

"Chumba cha upande wa pili kilikuwa kitupu nilipokwenda kuzika," alisema Klaudia.

"Sasa kina mtu. Na mtu huyo yuko hai, ila anakosa hewa."

Klaudia ndiye aliyetangulia kukimbia. Walimkuta Mzee Hussein kitini, midomo imekuwa ya bluu, kipimo kimebana kidole chake.

"Usimlaze," alisema Nuriat. "Akae wima, ainame mbele kidogo. Mfungulie vifungo." Kisha akaita bajaji. Hospitalini Mzee Hussein alipewa oksijeni, na kabla ya magharibi midomo ilirudi rangi yake.

Nuriat na Klaudia walikaa kwenye benchi la nje.

"Vipimo vya aina hii vyote hujitangaza kwa jina moja," Nuriat alieleza. "Na kila kimoja huongea na ukurasa mmoja tu kwa wakati mmoja. Kompyuta yako ilikuwa inakiwahi kipimo chake kupitia ukutani. Simu yake ikakosa."

"Basi nilimwibia pumzi."

"Kosa ni langu pia. Ningeufunga ukurasa siku ile ile ya msiba. Niliogopa matanga."

"Na mimi ningekuuliza," alisema Klaudia. "Sikuuliza kwa sababu nilijua utaniambia si yeye."

Tangu siku hiyo zahanati ilibadili utaratibu. Kila kipimo kilibandikwa jina la mgonjwa. Kabla ya kuruhusu, mtu husoma namba ya nyuma ya kifaa na kuilinganisha na ile ya kwenye ukurasa. Huduma ya kukumbuka kifaa ilizimwa kwa muda. Na mgonjwa akifariki, ruhusa huondolewa siku hiyo hiyo. Kifaa chenyewe kinaweza kusubiri matanga.

Klaudia alitaka kuondoa ruhusa kwa mkono wake. Nuriat alimwonyesha mahali pa mipangilio, penye orodha ya vifaa. Klaudia alibonyeza mara moja. Namba zikafutika, naye akalia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi.

Baada ya wiki Mzee Hussein alirudi. Klaudia alimpelekea ndizi za kupika, wakakibana kipimo pamoja. 0422 nyuma, 0422 kwenye simu. Oksijeni ilikuwa 95, na safari hii ilifika zahanati kwa jina la Hussein.

"Nisamehe, mzee," alisema Klaudia. "Nilikuwa naongea na marehemu wangu, kumbe ni wewe."

Mzee Hussein alivuta pumzi polepole kabla ya kujibu.

"Nilikusikia ukutani, mama, ukisoma namba zile zile zilizo kwenye kioo cha kipimo changu. Nilijua si mimi unayemkaribisha. Lakini hapa sina mtu, basi nilikuwa sikitoi kidoleni mpaka umalize kusema."